TENGENEZA PIKIPIKI, LINDA MAPAFU YAKO

Ndugu msomaji, pikipiki ya zamani ni mali. Ikitengenezwa, hupeleka mgonjwa zahanati na mazao sokoni. Watu wengi huitengeneza wenyewe nyumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini kazi hii ina sumu tatu. Tuzijue.

1. Moshi wa injini
Injini inapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huizuia damu kubeba hewa safi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzimia. Anaweza kufa. Kabureta mbovu huzidisha sumu hiyo.

Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba, hata kama mvua inanyesha. Kufungua dirisha hakutoshi. Isukume nje kwanza. Mtu akizidiwa na moshi, mtoe nje upesi, kisha mpeleke zahanati.

2. Petroli
Wengine hunyonya petroli kwa mpira ili kuitoa kwenye tangi. Hii ni hatari. Petroli kidogo tu ikiingia mapafuni huleta ugonjwa mkubwa. Hakuna haja ya kunyonya. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze ndani ya galoni, kisha fungua koki ya tangi. Petroli itashuka yenyewe.

Usiweke petroli katika chupa ya soda. Mtoto atadhani ni kinywaji. Akiinywa, usimtapishe, kwa sababu akitapika petroli inaweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa. Mpeleke zahanati mara moja.

Mvuke wa petroli hutambaa chini. Ukifika kwenye kibatari au jiko, hulipuka. Basi fanya kazi mchana, nje, mbali na moto na sigara. Usinawe mikono kwa petroli. Tumia sabuni.

3. Vumbi la breki
Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta kansa ya mapafu. Ugonjwa huo huja baada ya miaka mingi, wakati fundi amekwisha kusahau.

Ukifungua gurudumu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Usisugue breki kwa msasa. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kifunge kingali kibichi, ukifukie mbali na watoto. Ukitaka kuiboresha pikipiki yako, anza na breki mpya zisizo na asibesto. Rangi ije baadaye.

Watoto hupenda kuchutama karibu na fundi na kutazama. Waambie wakae mbali mpaka kazi iishe.

Ndugu msomaji, plagi ikiharibika utanunua nyingine dukani. Mapafu hayauzwi dukani. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tusiwashe pikipiki ndani ya nyumba?
2. Nyumbani kwako petroli huwekwa wapi? Mtoto anaweza kuifikia?