Meza ikijaa, nani analipwa?

Ukumbi wa dansi wa Dar es Salaam unauza muda wa kukaa. Marafiki sita wakija kula tu, watamaliza mbuzi wao, watanawa na kuondoka. Bendi ikiwa jukwaani, watu hao hao wataongeza nusu kilo, ndizi na kachumbari, na bia zitaendelea kuja mpaka sebene la mwisho. Faida ya usiku iko kwenye saa hizo za nyongeza, na waliozileta ni wapiga magitaa na waimbaji. Ajabu ni kwamba hesabu zikifungwa, bendi huandikwa upande wa gharama.

Zamani mpangilio ulikuwa mwingine. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, nayo ikaitwa Juwata, kisha OTTU. Leo ndiyo Msondo Ngoma. Wapinzani wao wa jadi, Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978 kwenye baa iliyowapa jina, na mwaka 1983 wakachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, lililokuwa na kumbi zake. Hapo mwenye bendi alikuwa pia mwenye ukumbi, basi meza zikijaa, mwajiri wa mwanamuziki ndiye aliyenufaika.

Kwa bendi za watu binafsi, aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwanamuziki hakuweza kununua amplifaya kwa kipato chake. Super Matimila ya mwimbaji Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka Mlimani Park, wakaunda International Orchestra Safari Sound. Mwimbaji aliweza kuhama. Vyombo vilibaki kwa mwenyewe.

Leo kilichopungua nguvu ni kiingilio. Baa nyingi zimekiondoa ili kuvuta wateja, kwa hiyo fedha zimehama kutoka mlangoni kwenda mezani. Bendi hulipwa kiasi cha kukubaliana, kinachogawanywa kwa watu kumi na zaidi, baada ya kutoa usafiri na fundi mitambo. Anayeshindana nao ni DJ mmoja mwenye kompyuta. Pengo linazibwa kwa kutunzwa: pedeshee, yaani tajiri mpenda sifa, akitajwa kwenye wimbo, noti zinamwagika mbele. Sipendi utaratibu huu. Mpiga drums aliye nyuma hapati hata noti moja, na mwimbaji anajikuta akipanga majina ya wenye fedha badala ya kupanga sauti.

Njia ya haki zaidi, kwa maoni yangu, ni asilimia ya mauzo ya meza. Miaka ya nyuma ingeleta ugomvi tu, kwa kuwa hakuna aliyeamini daftari la kaunta. Lakini mashine za EFD, zinazotoa risiti za kodi, zilianza kutumika nchini 2010, na risiti zake huonyesha saa. Mauzo tangu bendi inapoanza hadi inapofunga yanaweza kujumlishwa, ilimradi kila mteja apewe risiti, na hapa sisi wanywaji tuna kazi ya kuidai.

Ugumu mkubwa uko jikoni. Katika baa nyingi jiko limekodishwa: mchomaji ni mfanyabiashara mwingine kabisa, analipa kodi yake kwa mwenye baa, na fedha za nyama hazipiti kaunta. Ukikaa pale na wenzako, unahudumiwa na biashara tatu kwa pamoja, baa, jiko na bendi, bila kujua. Mwenye baa anaweza kukubali kugawana bia na bendi. Mchomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini alipe mara mbili. Jibu linalowezekana ni kumpunguzia kodi siku za dansi na kumtaka atoe asilimia badala yake. Usiku wa mvua, viti vikiwa vitupu, wote watatu wagawane hasara, maana kwa sasa mwanamuziki akiambiwa watu hawakuja, hurudi nyumbani na nauli tu.