Jasho la Muuguzi ni Amana
Korona ilipoingia Kenya mwaka 2020, shirika la umma la kusambaza dawa, KEMSA, lilinunua barakoa na mavazi ya kinga ya shilingi bilioni 7.8. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikuta taratibu zimekiukwa, na shehena za bei ya juu zimelala ghalani. Wauguzi, wengi wao mama na dada zetu, walikuwa wakililia vifaa hivyo hivyo, Disemba wakagoma. Mwezi huo daktari wa miaka 28 alifariki kwa korona, akidai mishahara ya miezi kadhaa.

Ndugu zetu, mali ya umma ni amana, na ujira haucheleweshwi. Tuanzie majumbani: tumlipe yaya na mfuaji kwa wakati, kisha tuwadai wakubwa pasi na haya.