Bustani ya Gunia: Tuanze na Maji

Picha za bustani za ukutani zinazosambaa kwenye simu zina siri moja: nyingi zimepigwa siku ya kwanza. Chupa zimening'inia kwenye kamba, ukuta ndio kwanza umepakwa chokaa, kila mche umetokeza kichwa. Picha ya wiki ya sita huioni. Kufikia hapo chupa za juu zimekauka, za chini zimevunda, na mwenye nyumba ananung'unika kwamba ukuta wake umeota ukungu. Mbegu hazina kosa, wala mkono wa aliyezipanda. Mtu amesimamisha udongo bila kujiuliza maji yatapitaje ndani yake.

Jaribu jambo dogo jikoni. Loweka sifongo ya kuoshea vyombo, ilaze kiganjani mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe kwa upande wake mrefu. Itadondosha tena. Maji yaliyokuwa yametulia yameshuka. Juu umebaki unyevu kidogo, chini kumejaa. Udongo nao ndivyo ulivyo. Chembe zake huyashika maji, uzito wa maji huyavuta chini, na kwenye kitako cha chombo chochote hubaki tabaka lililolowa chepechepe ambalo halitoki hata ukitoboa matundu kumi. Unene wa tabaka hilo hutegemea udongo, hautegemei urefu wa chombo. Udongo wa mfinyanzi hubakiza tabaka nene, wenye mchanga hubakiza jembamba. Ndiyo maana chombo kirefu huiachia mizizi nafasi kubwa ya kupumua, na kifupi huizamisha.

Hapo chupa ya soda iliyolazwa inaumbuka. Ina kina cha sentimita nane hivi na hubeba udongo usiozidi lita moja na kitu. Ukimwagilia, karibu udongo wote unakuwa tabaka la chepechepe. Jua likiwaka mchana mmoja, umekauka wote. Chupa hizo zinafaa kwa kitunguu cha majani au nanaa karibu na dirisha la jikoni, mahali ambapo mtu atazipitia kila siku. Kuzitegemea zikupe mboga ya familia ni kujitafutia kazi.

Ushauri ule maarufu wa kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke nao hauna msingi. Kokoto haziyavuti maji kutoka kwenye udongo. Zinalipandisha tu tabaka lililolowa, likasogea karibu zaidi na mizizi. Kokoto zina kazi nzuri sana kwenye bustani ya wima, lakini kazi yenyewe iko katikati.

Chombo ninachokipendekeza kwa anayeanza ni gunia la sandarusi, lile la mahindi au la mchele. Tuseme ukilijaza linakuwa na kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 80. Kwenye sakafu linachukua sehemu moja ya nane ya mita ya mraba. Ubavu wake ukiukunjua ni mita moja ya mraba kamili. Umepata eneo mara nane la kupandia, na juu kuna duara la ziada la mche wa nyanya au hoho. Ukipanga miche kwa nafasi ya sentimita 20, ubavuni inaingia kama 25. Ndani kuna lita 100 za udongo, akiba ambayo chupa haiwezi kuota kuwa nayo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoyapeleka magunia Kibera. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kuvuruga biashara na kupandisha bei za vyakula, shirika la Kifaransa la Solidarités International lilieneza bustani za magunia katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na kuwapa wakazi miche. Sukuma wiki na spinachi zikaota kwenye vichochoro visivyo na nafasi hata ya kutandika mkeka. Ufundi wenyewe haukuhitaji umeme wala pampu. Linganisha na kuta za kijani za Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea Mfaransa aliyevalisha majani ukuta wa jumba la makumbusho la quai Branly mjini Paris. Kuta zake hazina udongo: mizizi hushika kitambaa kizito kinacholoweshwa kwa pampu yenye kujiendesha. Ni kazi ya kustaajabisha, ila haingevumilia mgao wa umeme.

Siri ya gunia la Kibera ni mhimili wa mawe katikati. Ukimwaga maji juu ya gunia lisilo na mhimili, udongo wa juu hunywa kwanza, mengine hutorokea kwenye matundu ya miche ya juu na kuondoka na udongo, na sentimita 30 za chini hazipati kitu. Mawe huyapitisha maji hadi ndani, kisha udongo huyavuta kuelekea ubavuni ilipo mizizi. Jinsi ya kuujenga ni rahisi. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililotobolewa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani yake na udongo kulizunguka. Vikilingana, vuta kopo juu, uache kokoto zimesimama ndani ya udongo. Endelea hivyo hadi juu.

Mimi hupendelea kuondoa kokoto na kutumia bomba la plastiki la inchi mbili. Kokoto zina kasoro moja: mtu mwenye haraka akimimina ndoo, maji hukimbilia chini yote kwa mara moja. Bomba lililozibwa mwisho hujaa, kisha hutoa polepole. Litoboe kwa drili. Ukitumia msumari uliopashwa moto, fanyia nje penye upepo, maana moshi wa plastiki hiyo haufai kuvutwa. Matundu yawe mengi nusu ya juu na machache nusu ya chini. Maji ndani ya bomba husukuma kwa nguvu zaidi kadiri unavyoshuka, hivyo matundu yakilingana kila mahali, chini kutapata zaidi na juu kutalalamika. Livishe bomba kitambaa chepesi ili udongo usiyazibe.

Udongo wenyewe hutegemea unakoishi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mchanga umetawala, kwa hiyo nusu ya mchanganyiko iwe mboji au samadi iliyooza vizuri, isiyonuka na isiyo na joto ukiishika. Udongo mwekundu mzito wa Nairobi na Kiambu unataka mchanga: sehemu mbili za udongo, moja ya mchanga, moja ya samadi. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ule wa Embakasi na Athi River, usiuweke kabisa kwenye gunia. Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza mizizi. Iache ioze kwanza. Na tafadhali, usichote udongo kando ya barabara kuu wala jirani na gereji inayovunja betri. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua ardhini bado ipo, na watoto ndio huathirika zaidi.

Gunia likishajaa, mwagilia mpaka lilowe lote, kisha liache siku kadhaa litulie. Litashuka. Ongeza udongo, ndipo utoboe ubavu. Anza sentimita 20 kutoka chini na panga matundu kwa kupishana, mstari wa pili ukae kati ya matundu ya wa kwanza. Kata mpasuko mfupi wa vidole viwili; tundu kubwa humwaga udongo kila unapomwagilia. Usipande mbegu ubavuni, zitaoshwa. Kuza miche kwenye kitalu, hata kama ni trei ya mayai, na uihamishe jioni ikiwa na majani manne au zaidi. Kidole kimoja kinatosha kuingiza mizizi. Hakikisha imeshikana na udongo na haining'inii kwenye uwazi.

Sasa jua, jambo ambalo vitabu vya Ulaya hutupotosha. Vinasema tafuta ukuta unaotazama kusini, na kwao ni sahihi, kwa sababu jua lao la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Kwetu hapana. Dar es Salaam jua la saa sita hupita utosini mapema Machi na tena karibu tarehe 9 au 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba hukaa kaskazini, miezi iliyobaki hukaa kusini. Ukuta wa kaskazini una jua sehemu moja ya mwaka, wa kusini sehemu nyingine. Tena jua la utosini huuteleza ukuta badala ya kuupiga, kwa hiyo saa ambazo bustani ya wima hushiba mwanga ni asubuhi na alasiri. Chagua upande wa mashariki ukiweza. Magharibi pia hufaa, lakini joto la saa tisa likichanganyika na joto lililohifadhiwa na tofali, majani laini hulegea. Gunia lililosimama peke yake uwanjani lina pande zote nne. Upande wenye kivuli upe giligilani na nanaa, wenye jua upe sukuma wiki. Mboga za majani huridhika na jua la saa nne kwa siku. Nyanya na pilipili zinataka sita au zaidi, hivyo ziweke juu.

Katika mboga, mchicha ndio mwepesi kuliko zote: baada ya wiki tatu au nne unavuna, na ukikata ncha badala ya kung'oa, unachipua tena. Matembele ningeyaita zao la asili la gunia, kwa kuwa hupenda kutambaa na huanguka ubavuni yenyewe bila kufungwa. Karoti zinataka kina cha kunyooka chini, ziache.

Maji ya kila siku kwa gunia la ukubwa huu, kwenye kiangazi cha pwani, ni kama lita tano, yaani robo ya ndoo kubwa, nusu asubuhi na nusu jioni. Ingiza kidole kwenye tundu la chini kabisa na la juu kabisa kabla ya kumwagilia. Juu pakiwa pakavu na chini chepechepe, mwaga kidogo kwenye duara la juu na upumzishe bomba. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya sabuni ya unga hayafai, yana chumvi nyingi. Chumvi ndiyo adui wa kimya wa wenye visima Dar es Salaam na Zanzibar: mmea hunywa maji na kuiacha, nayo hujilimbikiza hadi ncha za majani zinaungua. Mara moja kwa mwezi mimina maji mengi, ya mvua ukiwa nayo, mpaka yatoke kwa chini, kisha rudisha rutuba iliyooshwa kwa samadi iliyolowekwa na kuzimuliwa hadi ifanane na chai nyepesi. Spinachi, jamaa ya bitiruti, huvumilia chumvi kuliko wengi. Maharage na stroberi hayavumilii hata kidogo.

Wanaoishi ghorofani wasome hapa polepole. Lita 100 za udongo uliolowa zina uzito wa kilo 160 hivi, zote zikikandamiza sehemu ya nane ya mita ya mraba. Roshani za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 200 hadi 400 kwa mita ya mraba, uzito ukiwa umesambazwa. Magunia matatu yaliyopangwa kwenye ukingo wa nje ni hatari. Tumia viroba vya kilo 25, viweke jirani na ukuta wa nyumba, na uchanganye mboji nyingi kuliko udongo kupunguza uzito. Popote palipo na ukuta, acha nafasi ya kupitisha mkono nyuma ya gunia, hewa ipite na plasta isinyonye unyevu. Juu ya zege, lipandishe kwenye matofali.

Visahani vya kukinga maji chini ya makopo viondoe au uvimwage na kuvisugua kila wiki. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza hutaga ukingoni mwa vyombo vidogo vya maji safi. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua kama wiki moja hadi siku kumi, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga bila kusugua hakutoshi.

Sandarusi iliyo juani huanza kuchanika baada ya mwaka mmoja au miwili. Usisubiri ipasuke. Ikianza kutoa nyuzi, vuna kila kitu, mwaga udongo juu ya turubai na uchunguze mizizi ya zamani. Ukiona vinundu, ni minyoo fundo: uanike udongo huo kwa tabaka jembamba kwenye jua kali wiki kadhaa, na usiurudishie nyanya, hoho wala mnavu. Mizizi ikiwa safi, changanya ndoo mbili za samadi mpya na ujaze gunia jingine siku hiyohiyo, lakini kwanza chomoa bomba na uzibue matundu kwa msumari, maana mizizi midogo hupenda kujipenyeza humo na kuyaziba.