Anemoni Asiyeshindwa kwa Kisu

Mtu afugaye matumbawe katika tangi la kioo nyumbani huweza kuingiza adui pasipo kujua. Adui huyo ni anemoni mdogo wa bahari, wa jenasi ya Aiptasia, ajifichaye katika nyufa za mawe yatokayo baharini. Minyiri yake ina seli zenye sumu, nayo huyachoma matumbawe yaliyo jirani, hata pengine yakafa.

Mfugaji amwonapo hutamani kumkata au kumkwangua. Kufanya hivyo ni kumzidisha. Mnyama huyu huweza kuzaana pasipo dume wala jike: kipande kidogo cha unyayo wake kikibaki juu ya jiwe, hukua kikawa anemoni kamili.

Yafaa basi auawe mzima papo hapo alipo. Wafugaji wengine humfunika kwa uji mzito wa chokaa iliyozimwa, yaani hidroksidi ya kalsiamu. Lakini chokaa ni alkali kali. Ikizidi hupandisha pH ya maji na kuwadhuru viumbe wengine. Kwa hiyo huuawa wachache kwa siku.

Njia nyingine ni kumtumia adui wa asili. Konokono wa bahari asiye na gamba, Berghia stephanieae, hula Aiptasia tu, wala hayagusi matumbawe. Anemoni wakiisha, naye hufa njaa asipohamishwa.

Hata hivyo, kinga ni bora. Kwa kuwa kipande kimoja chatosha kuanzisha kundi, jiwe jipya halina budi kutengwa na kuchunguzwa kwa majuma kadhaa kabla ya kutiwa tangini.