Namba ya oda si ufunguo: Funzo kwa wenye maduka ya mtandao

Mfanyabiashara anapopiga hesabu ya mali yake hutaja bidhaa zilizoko ghalani, fedha zilizoko benki na madeni anayodai. Ni nadra kutaja daftari la wateja. Lakini kasoro iliyogunduliwa mwaka 2023 katika programu ya maduka ya mtandao yaliyotapakaa duniani kote ilionyesha kuwa daftari hilo linaweza kusomwa na mpita njia yeyote, pasipo kufuli kuvunjwa na pasipo mwenye duka kuwa na habari.

Programu yenyewe ni sehemu ya familia ya WooCommerce, ambayo tangu mwaka 2015 ni mali ya kampuni ya Automattic ya Marekani. WooCommerce hutolewa bure na huendeshwa juu ya WordPress, jambo ambalo limeifanya ipendwe na wenye mitaji midogo, wakiwamo wa Afrika Mashariki. Mwenye duka huiongezea programu nyingine ndogo ndogo kwa kila kazi anayoihitaji: hii ya kupokea malipo, ile ya kukokotoa gharama za usafirishaji, nyingine ya kodi.

Mojawapo ya programu hizo za nyongeza ni WooCommerce Stripe Gateway, inayoliwezesha duka kupokea malipo ya kadi kupitia kampuni ya Stripe. Kufikia katikati ya mwaka 2023 ilikuwa ikitumika katika tovuti zaidi ya 900,000. Tarehe 17 Aprili mwaka huo, kampuni ya usalama wa WordPress iitwayo Patchstack iliwaarifu watengenezaji kwamba matoleo yote hadi 7.4.0 yalikuwa na tundu: mtu yeyote, hata asiye na akaunti katika duka husika, aliweza kuona jina, barua pepe na anwani kamili ya mteja aliyeweka oda.

Tundu lilivyokuwa

Ili kuelewa jambo hili, mfikirie karani wa duka la jumla pale Kariakoo. Mtu anafika dirishani na kusema, "Nisomee oda namba 4512." Karani anafungua daftari na kumsomea jina la mnunuzi, mtaa anaokaa na mahali mzigo unakopelekwa. Hamwulizi stakabadhi wala hamtazami usoni. Kesho yake mtu yule yule anarudi na kutaja namba 4513, kisha 4514. Hakuna kilichoibwa kwa nguvu. Karani ndiye aliyetoa kila kitu kwa hiari yake.

Ndivyo ilivyokuwa katika programu hii. WooCommerce huipa kila oda namba, na pamoja na namba hiyo huipa ufunguo wa siri, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu uliotengenezwa kwa ajili ya oda hiyo peke yake. Namba ni ya kuitambulisha oda. Ufunguo ni wa kuthibitisha kwamba anayeiuliza anahusika nayo. Programu ya malipo ilichukua namba iliyoandikwa katika anwani ya ukurasa, ikaitafuta oda, kisha ikaweka taarifa za mnunuzi ndani ya ukurasa huo ili kurahisisha malipo. Ilisahau swali moja tu: je, oda hii ni ya anayeuliza?

Wataalamu huita kasoro ya namna hii kushindwa kwa udhibiti wa ufikiaji, na si jambo la nadra. Shirika la OWASP, linalopanga hatari kubwa za programu za mtandao, liliiweka katika nafasi ya tano mwaka 2017. Mwaka 2021 ilipanda hadi nafasi ya kwanza. Sababu ya kuenea kwake ni rahisi. Mtengenezaji hujaribu programu kwa kutumia oda yake mwenyewe, anaona kila kitu kinakwenda sawa, na hapati sababu ya kujaribu oda ya jirani.

Taarifa zilizotajwa katika suala hili hazikuwa namba za kadi, na huenda mfanyabiashara akajipumzisha kwa hilo. Asijipumzishe. Tapeli anayejua jina la mteja, mahali anapoishi na kwamba ana mzigo njiani, ana kila anachohitaji ili kumwandikia ujumbe usemao kuwa mzigo umekwama na unadaiwa malipo kidogo. Mteja akishalipa na kugundua kuwa ameibiwa, atakayemlaumu ni mwenye duka.

Siku zenye gharama

Toleo la 7.4.1 lenye marekebisho lilitolewa tarehe 30 Mei 2023, siku 43 baada ya taarifa ya kwanza. Patchstack ikasubiri wiki mbili nyingine, na kuitangaza kasoro hiyo hadharani tarehe 13 Juni. Wiki mbili hizo zilikusudiwa wenye maduka wapate nafasi ya kubadilisha toleo. Hata hivyo, takwimu za WordPress za wakati wa tangazo zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya tovuti bado zilikuwa na toleo la zamani.

Hapa ndipo penye hasara. Marekebisho yanapotoka, wasomaji wake ni wa aina mbili: mwenye duka, anayepaswa kuyaweka, na mhalifu, anayeyasoma ili ajue tundu lilikuwa wapi. Anayechelewa huwa anamwachia mwenzake nafasi.

Mfano ulionekana mwaka huo huo katika programu nyingine ya familia hiyo, WooCommerce Payments. Kasoro yake ilikuwa kubwa zaidi, kwani ilimwezesha mgeni kujifanya msimamizi wa duka zima. Ilirekebishwa Machi 2023 katika toleo la 5.6.2, na tovuti nyingi zilibadilishiwa toleo moja kwa moja na WordPress. Miezi minne baadaye, wahalifu waliwafuata waliobaki nyuma. Kampuni ya Wordfence ilihesabu mashambulizi milioni 1.3 dhidi ya tovuti 157,000 katika siku moja tu, tarehe 16 Julai 2023.

Kwa wenye hisa

Mwekezaji mdogo asidhani kuwa haya ni ya wenye maduka peke yao. Mei 2019 ilibainika kuwa kampuni ya bima ya hatimiliki First American Financial, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la New York, ilikuwa imeacha wazi kumbukumbu zipatazo milioni 885. Aliyekuwa na kiungo cha waraka mmoja aliweza kubadilisha tarakimu na kusoma wa mtu mwingine. Ni kosa lile lile la karani wa Kariakoo.

Juni 2021 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola 487,616 kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani. Kiini cha shauri kilikuwa kwamba wataalamu wa usalama wa kampuni waliijua kasoro hiyo miezi kadhaa kabla, lakini wakuu waliotoa taarifa kwa wawekezaji hawakuwa wameambiwa. Novemba 2023 ikalipa dola milioni 1 nyingine kwa wasimamizi wa fedha wa Jimbo la New York. Kwa hiyo, anayenunua hisa za kampuni yenye wateja wengi wa mtandao ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: kasoro ikigunduliwa na fundi, humchukua siku ngapi mkurugenzi kuijua?

Hapa kwetu nako sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka mwenye kutunza taarifa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 endapo zimevuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru wahusika. Faini ya Kamishna yaweza kufikia shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

La kufanya wiki hii

Mwenye duka la mtandao anaweza kuanza na mambo manne. Kwanza, aorodheshe programu zote za nyongeza alizoweka na kuziondoa asizozitumia; kila moja ni mlango. Pili, aweke siku maalumu ya wiki ya kukagua matoleo mapya, au aruhusu yabadilike yenyewe, huku akiwa na nakala ya akiba. Tatu, aweke oda mbili za majaribio kwa majina mawili tofauti, kisha ajaribu kuiona ya pili akiwa ameingia kwa jina la kwanza, na tena akiwa hajaingia kabisa. Ikionekana, amwite fundi siku hiyo hiyo. Nne, kumbukumbu za wateja za miaka ya nyuma ambazo sheria ya kodi haimtaki azitunze, azifute, kwa kuwa kisichokuwepo hakiwezi kuvuja.

Kazi hiyo haizidi saa chache, na toleo la 7.4.1 lilitolewa bure. Waliolipa gharama ni wale walioliacha likisubiri.