Komredi wa udaktari, hiyo video unayosomea ni ya mwaka gani?

Saa sita usiku. Bweni limetulia, mtihani ni kesho na kitabu unachohitaji kimeazimwa maktabani. Mwanafunzi wa uuguzi afanye nini? Anatoa simu, anaweka bando na kutafuta video. Dakika 12 tu, malaria ya wajawazito imeisha.

Hakuna ubaya hapo. Masomo ya bure mtandaoni yamewaokoa wengi wasio na hela za kununua vitabu. Shida ni moja tu: pakiti ya dawa huandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, video haiandikwi.

Chukua hiyo malaria. Kwa miaka mingi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulisema mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, akipata malaria isiyo kali, atibiwe kwa kwinini na klindamaisini kwa siku saba. Novemba 2022, WHO ikabadilisha: dawa inayopendekezwa sasa ni artemetha-lumefantrini, ile AL unayoijua, kwa siku tatu.

Mwalimu aliyerekodi somo lake 2016 hakudanganya. Wakati huo alikuwa sahihi. Lakini video yake bado ipo, na kwa kuwa imekusanya watazamaji miaka yote hiyo, huenda ndiyo ikatangulia ukitafuta. Idadi ya watazamaji inakuambia video inapendwa. Haikuambii kama bado ni kweli.

Nani akague basi? Kitabu hupitia kwa wahariri. Video yaweza kutoka kwenye simu ya mtu moja kwa moja hadi kwako. Mkaguzi ni wewe. Kabla ya kuandika noti, uliza: Ilirekodiwa lini? Anayefunza ni nani, na anafuata mwongozo upi? Kisha linganisha dawa na kipimo na mwongozo wa Wizara ya Afya au wa WHO. Wa WHO unapakuliwa bure. StatPearls nayo husomwa bure, na kila sura huonyesha waandishi na tarehe iliporekebishwa mwisho.

Ni kazi ya dakika tano. Kwenye mtihani, noti zilizopitwa na wakati zitakunyima alama. Wodini, atakayeumia si wewe, ni mama aliyekuja akiamini umesoma.