Faji ya Makadamia kwa Jiko la Nyeri

Maelekezo mengi ya kupika faji, yawe ya kitabu cha Kiingereza au ya nyuma ya mkebe wa maziwa, hukutana kwenye tarakimu moja: chemsha sukari, maziwa na siagi hadi nyuzi 115, kisha epua. Mpishi wa Mombasa akiyafuata neno kwa neno atapata faji laini, inayokatika kwa kisu na kuyeyukia mdomoni. Mpishi wa Nyeri akifanya vivyo hivyo, kwa kipimajoto cha aina ile ile, atatoa kwenye trei kitu kikavu kinachobomoka, au kigumu cha kutafunwa kama tofi. Atailaumu sukari, ataulaumu moto, mwishowe atajilaumu mwenyewe. Bure tu. Aliyeandika kitabu alikuwa akipikia karibu na usawa wa bahari, na mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa huo.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyalalia. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa hiyo inavyokuwa nyepesi, na maji yakachemka kwa joto la chini zaidi. Kwa hesabu ya jikoni, nyuzi moja hupungua kwa kila mita 300. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 pale Likoni huchemka kwa 94 hivi mjini Nyeri, kwa chini kidogo ya hapo Nanyuki, karibu 95 Meru, na Nyahururu, penye mita 2,300, ni 92 tu. Ndiyo sababu moja githeri ya huku hula makaa mengi: sufuria inatokota kwa kishindo, lakini maharagwe yamo kwenye maji yasiyofika moto wa pwani.

Kwenye faji jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa kipimajoto tunakitumia kujua ni maji kiasi gani yamebaki kwenye sufuria. Sukari iliyoyeyuka huchelewesha kuchemka. Maji yakizidi kutoka kama mvuke, sukari huzidi kukolea, na joto hupanda. Ufukweni, nyuzi 115 ni ishara kwamba sukari imekolea kufikia takriban asilimia 85 ya shira, na hapo ndipo faji inapopatikana. Nyeri ukolevu huo huo hufikiwa kwa nyuzi 109. Mpishi anayeng'ang'ana hadi 115 kwa kumwamini mwandishi amefika pale ambapo mwenzake wa Mombasa angefika kwa 121, yaani amevuka faji na kuingia kwenye tofi.

Wala hatuwezi kuwalaumu walioanzisha. Faji haina umri mkubwa. Emelyn Hartridge, aliyesoma katika chuo cha Vassar huko Marekani, aliandika barua akieleza kwamba iliuzwa Baltimore mwaka 1886, na kwamba mwaka 1888 yeye mwenyewe alipika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa chuoni. Baltimore ni mji wa bandari. Hata hapa kwetu, ndugu zake faji waliokuwako kabla yake, labania ya maziwa na kashata ya nazi, ni vitu vya Mombasa na Lamu. Vyote hivyo vilizoea hewa nzito.

Dawa ni mbili. Ya kwanza: kabla ya kupika, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto na usome. Kikionyesha 94, umepungukiwa nyuzi sita, basi toa sita kwenye kila tarakimu ya kitabu. Njia hii inarekebisha hata kipimajoto chenye kasoro, na vile vya bei nafuu huwa nayo mara nyingi. Ya pili ni bakuli la maji baridi, na mimi naipenda zaidi. Dondosha tone la mchanganyiko ndani ya maji, lisubiri kidogo, lifinye kwa vidole. Likiyeyuka, bado. Likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea ukikitoa majini, epua papo hapo. Likikataa kubonyea, umechelewa. Bakuli halihitaji kuambiwa uko mita ngapi juu ya bahari, kwa sababu linaangalia ukolevu wenyewe. Mabibi waliopika peremende bila kipimajoto walikuwa wanapima kitu sahihi kuliko sisi.

Vipimo vya trei moja ndogo: mkebe mmoja wa maziwa mazito yenye sukari (gramu 400 hivi), sukari gramu 450, siagi gramu 115, maziwa ya kawaida mililita 150, chumvi kidogo, vanila kijiko cha chai, na makadamia gramu 150 zilizokaangwa na kukatwakatwa. Siagi iwe ya maziwa kwelikweli, maana majarini hutoa ladha ya mafuta tu. Maziwa hayatakupa taabu katika kaunti yenye kiwanda cha New KCC pale Kiganjo na wakulima wa Mukurwe-ini wenye kampuni yao ya maziwa, ila yawe ya siku hiyo. Maziwa yaliyoanza kuchacha, hata kama ulimi haujagundua, hukatika yakichemshwa na sukari, na vidonge vyeupe vitakavyojitokeza havirudi nyuma. Sukari yetu ya dukani ina chembe kubwa na rangi ya kahawia kidogo. Ladha yake nzuri, lakini inachelewa kuyeyuka, na hapo ndipo faji nyingi huharibika bila mpishi kujua.

Ndani ya faji iliyofaulu mna mamilioni ya fuwele za sukari zilizo ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi, zikiwa zimezungukwa na shira na mafuta. Faji yenye mchanga ina sukari ile ile kwa kiasi kile kile, ila fuwele zake ni chache na kubwa. Kazi yote ya mpishi ni kuzizuia fuwele zisizaliwe mapema, kisha kuzifanya zizaliwe zote kwa pamoja. Kwa hiyo weka vitu vyote isipokuwa karanga, vanila na chumvi kwenye sufuria nzito, tena kubwa, kwa kuwa maziwa yatafura. Moto uwe mdogo, ukoroge polepole mpaka usisikie chembe yoyote ikikwaruza chini ya mwiko. Usichemshe kabla ya hapo. Chembe moja iliyonata ukutani mwa sufuria ikianguka baadaye kwenye shira iliyokolea inatosha kuita nyingine zote, kwa hiyo pangusa kuta kwa brashi au kitambaa safi chenye maji.

Yakishayeyuka, ongeza moto hadi yatokote kwa utulivu, koroga bila kuacha ili maziwa yasishike chini, na uanze kupima baada ya dakika 10. Huku juu maji hutoka upesi kuliko kitabu kinavyosema, kwa hiyo usiondoke kwenda kupokea simu. Ukipata kidonge laini, epua, tia vanila na chumvi, kisha acha. Hapa ndipo watu wanaposhindwa kuvumilia. Ukianza kupiga mchanganyiko ungali wa moto sana, fuwele chache zitazaliwa na zitakuwa na nafasi ya kunenepa. Ukiuacha upoe hadi nyuzi 50 au chini kidogo, kiasi cha kuweza kushika ubavu wa sufuria bila kuruka, sukari iliyomo imezidi mno kile ambacho shira inaweza kubeba. Hapo ukipiga kwa nguvu, fuwele hulipuka kila mahali kwa wakati mmoja na zote hubaki ndogo. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na jiko likawa baridi, kingo hupoa mbele ya katikati. Ikalishe sufuria juu ya taulo iliyokunjwa, mbali na dirisha. Endelea kupiga mpaka ule mng'ao wa juu upotee na mwiko uanze kuwa mzito. Mng'ao ukitoka una dakika moja hivi ya kuchanganya karanga na kumimina. Usikwangue kilichonata chini ya sufuria. Hicho ni cha mpishi.

Sasa makadamia. Mti huu uliletwa kutoka Australia na Bob Harries, mkulima wa karibu na Thika, mwaka 1946, na leo umesimama kando ya mikahawa katika mashamba ya Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi zenye mti huo uani huziuza zote na ganda lake, halafu wakinunua peremende wananunua ya karanga za kwingine. Sheria iliyokataza kusafirisha nje makadamia zenye ganda tangu 2009 ilikuwa na nia ya kubakiza kazi ya kubangua humu nchini. Sufuria ya nyumbani nayo ni kiwanda.

Makadamia iliyokomaa huanguka yenyewe. Iliyochumwa mapema ina maji mengi na mafuta haba, na ndani ya faji itakuwa laini yenye ladha ya ubichi. Kuna kipimo rahisi kinachotokana na viwanda: punje kavu iliyokomaa vyema, yenye mafuta kuanzia asilimia 72, huelea kwenye maji, na changa huzama. Ukishatenga, zikaushe vizuri kisha uzikaange kwa moto mdogo mpaka zipate rangi ya dhahabu hafifu, hapo uzitoe. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Zitie kwenye faji zikiwa na uvuguvugu, kwa kuwa karanga baridi hugandisha shira iliyo karibu nayo kabla hujamaliza kuchanganya. Zisiwe na unyevu hata kidogo. Maji yatakayotoka kwenye punje yataifanya faji iliyozizunguka iwe tope.

Ukikosa makadamia, njugu zinafaa, tena ladha yake ni kali zaidi. Lakini zichague kwa mkono, moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye dalili ya ukungu zitupe, kwa sababu ukungu huo unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuimalizi. Na unapogawa, mtaje kila mtu kilichomo. Wapo ambao karanga zinawadhuru vibaya.

Ipo pia faji ya mkato, isiyochemshwa: mkebe wa maziwa mazito, gramu 400 za chokoleti nyeusi, kijiko cha siagi, vyote viyeyushwe polepole juu ya maji moto, karanga ziingie, friji saa tatu. Kwa kuwa hakuna kupima ukolevu, inatoka sawa Nyahururu na Lamu. Ni nzuri, watoto huimaliza, na kwa anayeanza ndiyo ningemshauri. Lakini inayoishika ni chokoleti, si fuwele za sukari, na aliyewahi kuonja ile ya kupigwa kwa mwiko ataijua tofauti akiwa amefumba macho.

Kata faji ikishapoa kabisa, ifunge kwa karatasi ya kuokea na uiweke kwenye mkebe wenye mfuniko mahali pakavu. Ile iliyochemshwa haihitaji friji, ambayo huikausha. Ikitoka kavu au yenye mchanga, usiitupe. Irudishe kwenye sufuria na maji nusu kikombe, moto mdogo sana, ikoroge mpaka kila fuwele iyeyuke, kisha chemsha upya ukiwa na bakuli lako la maji baridi karibu. Kama karanga zilikuwa zimeshaingia, zichuje kwanza kwa chujio pana baada ya kuyeyusha, uzikaushe tena juu ya kikaango, maana zimeshalowa.